Tamko la mali mtandaoni limekwama? Anza na dalili unayoiona

Simu nyingi ninazopokea kutoka kwa viongozi wanaojaza tamko la rasilimali na madeni mtandaoni huanza na neno moja: "Mfumo umegoma." Nikiuliza umegomaje, majibu hutofautiana sana. Mmoja hawezi kuingia. Mwingine ameingia, kajaza, na kazi yote imeyeyuka. Wa tatu ana hakika alituma mwezi uliopita, na sasa ameshika barua ya kutakiwa kujieleza. Hizo ni hitilafu tatu tofauti, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Ndiyo maana nimepanga maelezo haya kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, na ukaguzi mwepesi unatangulia.

Sheria za kutangaza mali nyingi zilizaliwa enzi za karatasi: ya Marekani ni ya 1978, ya Tanzania ni ya 1995, ya Kenya iliyodumu hadi 2025 ilikuwa ya 2003. Mwaka huohuo wa 2003 ulipitishwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, ulioanza kutumika Desemba 2005, nao unazihimiza nchi kuwataka maofisa wao watangaze shughuli zao za nje ya kazi, uwekezaji, mali na zawadi kubwa. Georgia ilihamia mtandaoni 2010, Ukraine 2016. Kwenye karatasi, kazi iliisha pale muhuri wa "imepokelewa" ulipogongwa mbele ya macho yako. Mtandaoni muhuri huo bado upo, lakini hakuna anayeugonga mbele yako; ni lazima uutafute mwenyewe. Matatizo makubwa zaidi niliyoyaona yanatokana na kutoutafuta.

"Nilijaza kila kitu, lakini naambiwa sijawasilisha"

Naianza hii kwa sababu ndiyo inayoumiza. Mtu amekesha akiandika kila kiwanja na kila mkopo, hakuficha hata shamba la urithi, halafu anaonekana mkaidi wa sheria.

Sababu, kwa mpangilio wa wingi wake:

1. Tamko limebaki rasimu. Ulibonyeza Hifadhi, ukaona maandishi ya kijani yanayosema taarifa zimehifadhiwa, ukafunga kompyuta. Kuhifadhi kunakuwekea kazi yako wewe. Ofisi inayopokea haioni chochote mpaka ubonyeze Wasilisha.
2. Ulibonyeza Wasilisha, lakini hatua ya mwisho haikukamilika. Mifumo mingi hukuletea tena kiapo cha kuthibitisha ukweli wa maelezo, kisanduku cha kuweka tiki, kisha namba ya siri ya mara moja au saini ya kielektroniki. Ukiondoka hapo, tamko linabaki likisubiri saini.
3. Uliwasilisha tamko la aina nyingine. Kuna la kuingia madarakani, la kila mwaka au kila kipindi, na la kuondoka. Ukichagua la kuingia wakati unadaiwa la mwaka, la mwaka litaendelea kusomeka kuwa halijaletwa. Vivyo hivyo ukikosea mwaka.
4. Uliwasilisha ukiwa bado umeandikwa chini ya taasisi yako ya zamani, na orodha ya taasisi mpya haikuoni.

Ukaguzi: ingia, nenda ukurasa wa mwanzo wa akaunti yako, tafuta neno linaloonyesha hali ya tamko. Likisomeka "Rasimu", "Linaendelea" au "Linasubiri saini", halijafika. Unachotaka kuona ni "Limewasilishwa", pamoja na tarehe, saa na namba ya stakabadhi. Pakua stakabadhi hiyo hapo hapo. Barua pepe ya uthibitisho nayo ni nzuri, tena itafute kwenye barua taka, ila usiitegemee peke yake, kwani barua pepe hupotea na hali iliyo ndani ya mfumo haipotei.

Marekebisho: kama muda haujaisha, fungua rasimu ileile, pitia sehemu moja moja hadi kiapo, kisha wasilisha. Kama muda umepita, wasilisha leo hata hivyo, halafu uandike barua ya maelezo. Kusubiri ushauri kwa wiki nzima ukiwa na rasimu iliyokamilika ni kujiongezea deni. Kuna mahali faini huhesabiwa kwa siku: katika jimbo la Florida, Marekani, ni dola 25 kila siku baada ya muda wa nyongeza kwisha, hadi zifike dola 1,500.

Usifungue tamko jipya ilhali la zamani ni rasimu. Mawili yakiwa wazi kwa mwaka mmoja, hata ofisi inayopokea itasumbuka kujua lipi ni lako la kweli.

Siwezi kuingia kabisa

Kwanza, hakikisha uko mahali sahihi. Andika anwani ya mfumo mwenyewe kama ilivyo kwenye waraka rasmi. Usifuate kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Msimu wa matamko ni msimu wa matapeli pia, na ukurasa wa bandia unaweza kufanana na ule wa kweli kama pacha.

Baada ya hapo, tazama jina la kuingilia. Wengi hukumbuka nywila vizuri lakini jina ndilo limebadilika: mfumo unadai namba ya kitambulisho, wao wanaandika barua pepe, au barua pepe waliyojisajilia ni ya ofisi waliyohama. Kisha nywila yenyewe. Kivinjari kinaweza kuwa kinajaza ya zamani bila wewe kujua, kwa hiyo futa kilichojazwa na uandike kwa mkono, ukiangalia kama kitufe cha herufi kubwa kimewaka.

Ukikosea mara mbili, usijaribu ya tatu kwa kubahatisha. Mifumo mingi hufunga akaunti baada ya majaribio machache. Tumia "Nimesahau nywila". Kama barua ya kubadilisha nywila inakwenda kwenye anwani usiyoweza kuifungua tena, hakuna ujanja wa kufanya upande wako. Piga simu dawati la msaada, wao watathibitisha wewe ni nani na kubadilisha anwani. Hilo huchukua muda, kwa hiyo jaribu kuingia wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, hata kama hujawa tayari kujaza.

Namba ya siri ya mara moja haifiki, au ikifika inakataliwa

Namba ya simu iliyosajiliwa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Laini imebadilishwa, au ile laini iko kwenye simu nyingine iliyozimwa. Mfumo kwa kawaida huonyesha tarakimu mbili au tatu za mwisho; zilinganishe na za laini uliyonayo.

Mshukiwa wa pili ni haraka yako mwenyewe. Umeomba namba, haikuja, ukaomba tena, ukaomba tena. Sasa zimefika tatu kwa mkupuo na unaingiza ya kwanza, kumbe kila ombi jipya linaua namba iliyotangulia. Subiri, kisha tumia ya mwisho tu.

Kama namba zako hutolewa na programu ya uthibitisho ndani ya simu badala ya ujumbe mfupi, angalia saa. Programu hizo hutengeneza namba mpya kila sekunde 30 kwa kufuata saa ya simu. Simu ikiwa mbele au nyuma kwa dakika kadhaa, kila namba itakataliwa ingawa nywila ni sahihi. Weka saa ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao. Nimeona mtu akihangaika siku mbili kwa ajili ya saa tu.

Namba hii humpi mtu yeyote. Afisa wa kweli wa dawati la msaada haihitaji, hata akiwa anakusaidia kwa dhati.

Nilichojaza kimepotea

Hapa inafaa kuelewa kinachotokea. Seva hukutoa nje ukikaa muda bila kuwasiliana nayo. Wewe unaona unafanya kazi, unaandika maelezo marefu ya jengo na namna ulivyolipata, lakini seva haisikii herufi unazoandika. Inasikia pale tu unapohifadhi au kwenda ukurasa unaofuata. Kwa upande wake, umenyamaza nusu saa.

Kwa hiyo andaa maelezo pembeni kabla, kisha uyanakili, na uhifadhi baada ya kila kipengele badala ya kila sehemu. Sababu nyingine mbili ni kufungua tamko katika vichupo viwili, ambapo kichupo cha zamani kinafunika kazi ya kipya, na kutumia mshale wa kivinjari kurudi nyuma badala ya kitufe cha Rudi kilicho ndani ya mfumo.

Kabla ya kukata tamaa, toka kabisa na uingie upya. Mara kadhaa kazi ipo, ila kivinjari kinakuonyesha ukurasa wa zamani kilioutunza.

Fomu haikubali kusonga mbele

Mfumo umekataa kisanduku kimoja, pengine kilicho juu kabisa mahali usipopaona. Panda hadi mwanzo wa ukurasa, shuka taratibu ukitafuta rangi nyekundu au alama ya nyota.

Kinachoongoza ni sehemu iliyoachwa tupu. Kwenye karatasi, mstari mmoja uliokatiza ukurasa ulitosha kusema huna hisa. Mfumo hauwezi kujua kama huna au umesahau, kwa hiyo lazima useme: weka tiki kwenye "Sina cha kutangaza", au sifuri, kulingana na unachoombwa. Usiandike "N/A" kwenye kisanduku cha namba.

Kinachofuata ni namna ya kuandika namba na tarehe. Andika 45000000 bila mkato, nukta wala alama ya sarafu. Mkato wa elfu unaweza kukataliwa, au vibaya zaidi, ukakubaliwa na kusomeka kama desimali, shamba lako likawa na thamani ya 45. Tarehe ichague kwenye kalenda ya mfumo, maana 03/04 kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi.

Halafu kuna hili la majina, ambalo wanaotengeneza mifumo hulisahau na linatuhusu sisi hasa. Jina kama Ng'ang'a lina ritifaa, na simu nyingi huweka ritifaa iliyopinda wakati kanzidata ya vitambulisho ina iliyonyooka, au haina kabisa. Kwa macho yako ni jina lilelile, kwa kompyuta ni watu wawili. Liandike kama lilivyo kwenye kumbukumbu za kitambulisho, na ritifaa uiandike kwa kibodi ya kompyuta. Likiendelea kukataliwa, wasiliana na dawati la msaada. Usijibadilishe jina ili mfumo uridhike, kwa kuwa tamko hilo litalinganishwa na hati za ardhi na akaunti za benki zenye jina lako halisi.

Kiambatisho hakipandi

Ukubwa wa faili, mara nyingi. Skani ya rangi yenye ubora mkubwa mno huzaa faili nzito. Rudia kwa rangi ya kijivu na ubora wa nukta 150 hadi 200 kwa inchi, bado itasomeka. Pili, aina ya faili: iPhone huhifadhi picha kwa mtindo wa HEIC, ambao mifumo mingi haiutambui, kwa hiyo igeuze iwe PDF au JPG. Tatu, taarifa ya benki iliyofungwa kwa nywila. Ifungue, kisha uichapishe upya kama PDF isiyo na nywila. Nne, jina la faili lenye alama za ajabu au refu kupita kiasi, "hati-kiwanja-1" linatosha.

Onyo ambalo nalisisitiza kwa moyo wote: usipeleke taarifa zako za benki kwenye tovuti za bure za kupunguza ukubwa wa faili. Unakuwa umewakabidhi watu usiowajua karatasi zilezile ambazo sheria inajitahidi kuzilinda. Fanya kazi hiyo ndani ya kompyuta yako.

Jumla hazilingani, au mfumo unaonya kuhusu tofauti na tamko lililopita

Hii si hitilafu ya kompyuta, ni ya maelezo, na haitatuliwi kwa kubonyeza "Endelea" huku umefumba macho.

Anza na tarehe ya marejeo. Tamko ni picha ya siku moja. Chini ya sheria ya Kenya ya 2003, kwa mfano, tamko la kila miaka miwili lilijazwa Desemba lakini hali ya mali ilikuwa ya tarehe 1 Novemba. Ukichukua salio la benki la leo, deni la mwezi uliopita na thamani ya gari ya mwaka jana, jumla itayumba. Chagua siku inayotajwa na fomu, na kila kitu kisomeke kwa siku hiyo, pamoja na kiwango cha kubadilishia fedha za kigeni.

Tazama pia mkopo. Fomu ikiuliza deni, inataka salio lililobaki, ila wengi huandika kiasi walichokopa mwanzoni. Na mali je: bei uliyonunulia au thamani ya sasa? Soma maelekezo, maana nchi hutofautiana, na ukichanganya njia hizo mbili utaonekana umetajirika ghafla. Katika fomu za serikali kuu ya Marekani thamani huwekwa kwa makundi, mojawapo likiwa dola 1,001 hadi 15,000, na hapo ni rahisi kuteleza kundi.

Kama mfumo umekuletea orodha ya tamko lililopita, ipitie kitu kimoja kimoja. Gari ulilouza bado limo. Akaunti uliyofunga bado imo. Urahisi huo wa kunakili umewaponza watu waaminifu.

Mwisho, mali ya familia na akaunti ambazo si zako peke yako. Sheria ya Tanzania inataka kiongozi atangaze pia mali ya mwenza na ya watoto walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, katika ibara ya 52, unagusa hata akaunti ya nje ya nchi ambayo wewe ni mtia saini tu. Kama jina lako liko kwenye akaunti ya chama, ya kampuni ya ndugu au ya mzazi mzee, usijiamulie kwamba haikuhusu.

Simama hapa na umtafute mwanasheria au afisa maadili kabla ya kuwasilisha iwapo: urithi haujagawanywa, kiwanja kina kesi, una hisa kupitia kampuni nyingine au amana (mali inayoshikiliwa na mwingine kwa niaba yako), mwenza wako anakataa kutoa taarifa zake, au kuna uchunguzi wowote unaokuhusu. Fundi wa kompyuta akikujibu maswali hayo, hata kwa nia njema, anakupotosha.

Saini ya kielektroniki inakataliwa

Angalia tarehe na saa ya kompyuta, kisha tarehe ya kuisha kwa cheti cha saini (faili ya kidijitali inayothibitisha kwamba saini ni yako), kisha kama jina lililo kwenye cheti linafanana na la akaunti. Kama saini yako imo kwenye kifaa cha kuchomeka, jaribu tundu jingine, na uhakikishe programu yake imewekwa kwenye kompyuta hiyo.

Kifaa hujifunga baada ya namba ya siri kukosewa mara chache. Ukiona umebakiwa na jaribio moja, acha. Mpigie aliyekitoa. Na ufunguo wa saini hakai nao katibu muhtasi. Sahihi iliyowekwa na mwingine kwenye kiapo chako bado itakufunga wewe.

Siku ya mwisho, na ukurasa unazunguka tu

Seva imeelemewa, kwa sababu tarehe ya mwisho ni moja kwa wote. Jaribu alfajiri au usiku mwingi. Usibonyeze Wasilisha mara kumi. Bonyeza mara moja, subiri, kisha uingie upya uangalie hali kabla ya kurudia.

Wakati huohuo weka ushahidi. Piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa kosa, tarehe na saa, huku ukificha takwimu za mali. Tuma barua pepe kwa ofisi inayopokea kabla ya saa sita usiku, ukitaja namba ya kosa na kuomba maelekezo. Barua iliyotumwa kabla ya muda kwisha hubeba uzito ambao ya kesho yake haina. Karatasi usiipeleke mpaka wakubali kwamba karatasi inapokelewa.

Nimeshawasilisha, ndipo nikagundua kosa

Tafuta sehemu ya marekebisho, ambayo hubakiza tamko la kwanza na kuweka la pili juu yake pamoja na sababu. Kama haipo, omba kwa maandishi tamko lifunguliwe. Sema kosa ni nini, sahihi ni ipi, na uligunduaje. Fanya hivyo mapema, kabla hujaulizwa.

Acha kila kitu na upige simu sasa hivi iwapo

umeona taarifa za mtu mwingine ndani ya akaunti yako. Kuna mabadiliko ambayo hukuyafanya. Umepata namba ya siri ambayo hukuiomba. Au umegundua kwamba uliingiza nywila yako kwenye ukurasa usio rasmi. Katika hali ya kwanza, toka bila kupakua wala kupiga picha za mali ya mwenzako. Katika tatu zinazobaki, badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, kisha ripoti, na uombe rekodi ya nani aliingia na saa ngapi. Ukiwa unaripoti, dawati la msaada linahitaji jina lako, namba ya akaunti, ujumbe wa kosa na saa lilipotokea. Kiasi kilichomo benki hawakihitaji.